Kabla Hujaifungua Kabureta: Kutafuta Ugonjwa wa Peugeot 504 Nyumbani

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ndiyo inayoonewa kuliko kifaa kingine chochote kwenye gari la zamani. Gari likigoma asubuhi, ni kabureta. Likimisi mlimani, ni kabureta. Likinywa mafuta, hakuna anayeuliza mara mbili. Inafunguliwa juu ya gunia, jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zinachokonolewa kwa waya, inarudishwa huku skrubu moja ikibaki mkononi, na gari linaendelea na ugonjwa wake uleule. Kumbe aliyekuwa anasumbua ni kondensa, kidude cha bei ya soda kilichofungwa ubavuni mwa distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi.

Mpangilio ninaoufuata hapa ni huu: anza na moto wa plagi, nenda kwenye valvu na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), tafuta hewa inayopenya pasipostahili, mafuta yawe ya mwisho. Ni mpangilio wa kiuchumi pia, kwa sababu hatua tatu za mwanzo zinahitaji muda zaidi ya pesa.

Nimechukua Peugeot 504 kwa kuwa ndiyo gari la zamani ambalo bado lipo chini ya miembe mingi ya kwetu likisubiri mtu wa kulirudisha barabarani. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka Ulaya 1969, likashinda Safari Rally 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas, safari hiyo ikiwa kupe yenye injini ya V6. Kenya iliendelea kuziunganisha hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na stesheni wagoni zake zilibeba abiria wa masafa marefu kutoka Nairobi mpaka watu wakazoea kusema tu "nitapanda Pijo". Ninayoandika yanahusu zile za petroli, silinda nne, zenye kabureta: XM7 ya 1,796 cc na XN1 ya 1,971 cc. Ya dizeli na ya injeksheni yana mambo yake.

Vifaa: spana za milimita, fila geji (vibamba vya kupimia nafasi), mita ya umeme ya bei ya kawaida, kipima kompresheni, na taa ya majaribio unayoweza kujitengenezea kwa balbu ndogo ya volti 12 na waya mbili. Na stendi mbili za chuma za kuegemeza gari. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala kwa matofali ya saruji. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Gari limekaa miaka bila kuwashwa

Kishawishi kikubwa ni kuleta betri mpya na kupiga stata siku hiyohiyo. Jizuie. Ringi za pistoni huenda zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na stata ina nguvu ya kutosha kuzivunja. Toa plagi zote nne, mimina kijiko cha oili katika kila tundu, acha mpaka kesho. Kisha zungusha injini kwa mkono: weka spana kwenye nati ya pulei, au ingiza gia ya nne na ulisukume gari taratibu. Ikigoma, ongeza oili na subiri tena. Usilazimishe.

Kabla ya kwenda mbali, chomoa dipstiki na uinuse. Ikinuka petroli na kiwango kimepanda kuliko alama ya juu, kiwambo cha pampu ya mafuta kimepasuka na petroli imekuwa ikishukia kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini). Hiyo si oili tena. Mwaga, badilisha pampu, weka mpya.

Petroli iliyokaa kwenye tangi muda mrefu huacha utando unaonata na hutoa harufu kali ya uchachu, tofauti kabisa na ya petroli mbichi. Itoe yote. Badilisha pia mipira yote ya mafuta kuanzia tangi hadi kabureta hata kama kwa nje inaonekana mizima, maana petroli inayodondokea ekzosi ya moto haimpi mtu nafasi ya kujitetea.

Stata inazunguka, injini haiwaki

Stata ikizunguka kwa uvivu, usianze na koili, kile kinachokuza umeme wa plagi. Pima betri ikiwa imetulia: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Mtu apige stata huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9.5, betri imechoka. Ikiwa betri ni nzima na bado stata ni nzito, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha piga stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ethi (wa kurudishia umeme kwenye betri) kati ya bodi na injini umeoza au umelegea. Kwenye magari yaliyozeekea pwani hili ni jambo la kawaida, na limewauzia watu stata mpya wasizozihitaji.

Stata inazunguka vizuri? Tazama moto. Chomoa waya wa katikati ya kifuniko cha distribyuta, ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake iwe milimita sita hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Unataka cheche nene ya bluu inayopiga kwa mlio. Cheche nyembamba ya manjano ni udhaifu. Isipokuwepo kabisa, hapo ndipo taa ya majaribio inapolipa.

Funga waya mmoja wa taa kwenye chuma, mwingine kwenye nguzo ya koili inayokwenda kwenye distribyuta. Washa swichi, piga stata. Taa ikiwakawaka, pointi (miguso ndani ya distribyuta inayokata na kuunganisha umeme wa koili) zinafungua na kufunga sawasawa, na shida ipo kwenye koili, kondensa au upande wa umeme mkubwa. Ikiwaka moja kwa moja bila kukatika, pointi hazigusani: zimeungua, zimepata utando, au nafasi yake ni kubwa mno. Isipowaka hata kidogo, ama umeme haufiki kwenye koili (hamishia taa nguzo ya pili uhakikishe), ama pointi hazifunguki, ama waya mdogo ndani ya distribyuta umechubuka na unagusa chuma, ama kondensa imeshoti. Jaribio hili halimalizi dakika tano.

Sasa fungua kifuniko uzitazame pointi zenyewe. Zungusha injini mpaka zifunguke, sukuma kijiti kwa ncha ya bisibisi, utazame nyuso mbili kwa tochi. Uso mzima una rangi ya kijivu iliyopauka. Ukiona upande mmoja una kilima kidogo na mwingine shimo linalolingana nacho, chuma kimehama kutoka upande huu kwenda ule, na anayesababisha ni kondensa iliyochoka au isiyolingana na mfumo. Kupiga msasa kunasaidia kufika nyumbani, basi. Gari lililokaa muda mrefu linaweza kuwa na utando tu usioonekana vizuri: pitisha msasa laini mara mbili, halafu kipande cha kadi safi kavu ili kuondoa vumbi la msasa. Wengi husahau kadi, gari linakataa vilevile, na lawama zinarudi kwa kabureta.

Nafasi ya pointi ni milimita 0.40 wakati kisigino cha kijiti kimekaa juu kabisa ya kona ya kamu. Paka grisi kiduchu kwenye kamu. Ikikauka, kisigino kinalika, nafasi inafunga polepole, na taimingi (wakati wa plagi kutoa moto) inachelewa nayo. Ndiyo maana nafasi ya pointi huwekwa kabla ya taimingi, kamwe si baada yake.

Rota, kile kinachozunguka chini ya kifuniko cha distribyuta kugawa moto, nayo ina ugonjwa wa siri. Inaweza kupasuka ufa mwembamba kama unywele na kuvujisha umeme kwenda kwenye shafti. Kifuniko kikiwa kimetolewa, sogeza waya wa koili karibu na bati la katikati ya rota, mwenzako apige stata. Cheche ikiruka mfululizo kuingia kwenye rota, rota imekufa, kwa sababu kwenye rota nzima umeme haungekuwa na pa kwenda.

Halafu kuna suala la silinda namba moja. Peugeot huhesabu kutoka upande wa flaiwili, yaani nyuma, na mafundi wengi wamekulia kwenye magari ya Kijapani yanayohesabu kutoka mbele. Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2, na ukihesabu kutoka upande wowote unapata mfuatano uleule, ndiyo maana kosa halijionyeshi upesi. Ila ukichanganya, mchoro wa kitabu kwenye kifuniko cha distribyuta na hesabu ya kutoka mbele kwenye injini, kila plagi inapata moto mzunguko mzima wa kranki nje ya wakati wake. Dalili yake: gari haliwaki na linapiga chafya kupitia kabureta. Kabla ya kufungua kitu, hamisha waya zote nne nafasi mbili kwenye kifuniko, ujaribu tena.

Moto upo na bado haliwaki, sasa ndipo zamu ya mafuta. Toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kwenye koo la kabureta, vuta kwa mkono kijiti cha mafuta kilicho kwenye kabureta. Mnyunyizo wa petroli ukitoka, bakuli lina mafuta. Usipotoka, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, upige stata: pampu inapaswa kusukuma kwa mapigo yenye nguvu. Pampu ikisukuma na bakuli likabaki tupu, sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli) imeganda. Hapo, na hapo tu, fungua kabureta. Safisha jeti kwa dawa na upepo. Waya unapanua tundu lililotobolewa kwa vipimo vya sehemu za milimita, na jeti iliyopanuliwa hairudi.

Linawaka lakini linamisi

Liache likae sailensa, yaani lizunguke taratibu bila kukanyaga mafuta, na uchomoe waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, kwa koleo lenye mpira. Ukichomoa silinda inayofanya kazi, injini inayumba zaidi. Ukichomoa mvivu, hakuna kinachobadilika. Ukishampata, mbadilishie plagi na jirani yake. Ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza. Ukibaki palepale, badilishana waya. Ukibaki tena, ni mambo ya ndani: pima kompresheni.

Pima injini ikiwa na joto, plagi zote nje, pedali imekanyagwa hadi mwisho. Usihangaike sana na namba yenyewe. Tazama tofauti kati ya silinda. Tatu zikisoma karibu sawa na moja ikawa chini kwa robo, huyo ndiye. Mimina kijiko cha oili ndani yake upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, valvu haifungi au gasketi ya hedi imetoboka. Ukipimia Nairobi au Arusha, jua kwamba namba zote zitakuwa chini kuliko za kitabu, na injini haina kosa lolote.

Kabla ya kuhukumu valvu, seti tapeti, yaani nafasi ya valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, valvu za kuingiza milimita 0.10, za ekzosi 0.25. Njia rahisi ya kujua uanze wapi: zungusha mpaka valvu mbili za silinda moja ziwe zinapishana, moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufungua, kisha useti zile za silinda ambayo ukijumlisha namba unapata tano. Ya kwanza ikipishana, seti ya nne. Ya tatu ikipishana, seti ya pili. Wanaopenda kusikia injini "kimya" hubana tapeti mpaka mlio uishe. Valvu ya ekzosi isiyo na nafasi haikai kitini, haipoi, na inaungua. Heri mlio mdogo wa cherehani.

Kama nafasi ya valvu za ekzosi inazidi kupungua kila ukipima, valvu zinazama kwenye viti vyake. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikivikinga viti vya magari ya zama hizo, iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Hedi ya 504 ni ya alumini na viti vyake ni vya chuma vilivyopachikwa, hivyo balaa hili halilikumbi kama linavyokumba hedi za chuma cha kalibu, lakini pima uone badala ya kuamini.

Sailensa inayopanda na kushuka yenyewe mara nyingi ni hewa ya wizi: gasketi chini ya kabureta, mpira wa servo (kisaidizi) ya breki, au kimrija cha vakyumu kinachokwenda kwenye distribyuta. Bana mpira wa servo kwa koleo lililofungwa kitambaa. Sailensa ikitulia, kiwambo cha servo kimepasuka, na umegundua tatizo la breki ukitafuta la injini.

Ukiyamaliza hayo, fanya tyuni kwa utaratibu wake: tapeti, pointi, taimingi, kisha skrubu za kabureta. Taimingi unaweza kuianza kwa ileile taa ya majaribio: swichi ikiwa imewashwa, alama zikiwa mahali pake kwa namba ya injini yako, geuza distribyuta mpaka taa iwake tu. Hapo pointi zimefunguka. Baadaye hakikisha kwa taa ya taimingi injini ikizunguka, ukiwa umechomoa kimrija cha vakyumu. Skrubu ya mchanganyiko irudishe ndani mpaka injini ianze kuchoka, ifungue mpaka izunguke kwa wepesi wa juu kabisa, halafu ibane robo ya mzunguko.

Lilitoka Mombasa zima, likafika Nairobi limechoka

Hili si ugonjwa, na ni mojawapo ya sababu kabureta nzima huharibiwa. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko ya Mombasa. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa petroli kwa kipimo cha pwani. Gari linakuwa zito, plagi zinapata masizi meusi makavu, sailensa inayumba. Plagi ya rangi ya kahawia iliyopauka kwa safari ya pwani inaweza kuwa nyeusi baada ya wiki ya foleni za jijini. Ukiishi huko juu, jeti kuu ndogo kwa hatua moja au mbili inatosha, na taimingi inaweza kusogezwa mbele kidogo kwa sababu injini haigongi kirahisi.

Safari ya kurudi ndiyo ya hatari. Gari lililowekewa jeti ndogo na taimingi ya Nairobi likishuka pwani linapata hewa nzito, mchanganyiko unakuwa na mafuta machache, na ukianza kupandisha Mazeras katika jua la saa nane unasikia pistoni zinagonga. Rudisha taimingi nyuma kabla hujaondoka, usingoje mlimani.

Kugonga huko kukitokea bila kubadilisha mwinuko, shuku mafuta. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inagonga, inawaka kwa shida asubuhi, na injini inaendelea kujizungusha kwa sekunde kadhaa baada ya kuzima swichi. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya mchezo huo. Dondosha matone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hupotea, mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Likipata joto linazima

Wagonjwa watatu wanafanana hapa. Injini ikishapoa hutawatofautisha tena, kwa hiyo fanya majaribio palepale barabarani, kabla halijapoa.

Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likawaka baada ya dakika moja, tundu la kupumulia limeziba. Kifuniko cha kubahatisha, kilichotoka gari lingine, hufanya hivi mara kwa mara. Kama siyo, tazama moto kama tulivyofanya mwanzo. Moto ukiwa umepotea, ni koili au kondensa. Mwagia koili maji kidogo kwa nje, ipoe, na gari likiwaka umepata jibu. Moto upo lakini hakuna mnyunyizo kwenye koo la kabureta, petroli imechemka kwenye mrija na kuwa mvuke. Kitambaa chenye maji juu ya pampu na mrija wake, dawa ya madereva wa zamani, kinafanya kazi kweli. Tiba ya kudumu ni kuusogeza mrija mbali na manifoldi ya ekzosi na kurudisha kikinga joto ambacho fundi fulani alikiona hakina kazi.

Linachemsha

Kwenye 504 anza na feni, kwa sababu feni yake ni ya aina yake. Haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoishika pale tu swichi ya joto inapoamuru. Kaboni ndogo inapeleka umeme kwenye ringi ya shaba, sumaku inavuta, feni inaanza. Injini ikiwa haizunguki na swichi imewashwa, peleka waya wenye volti 12 moja kwa moja kwenye waya wa kaboni. Unapaswa kusikia "tak" na kuiona feni ikishikwa. Ikishika, sumaku ni nzima, na kosa ni swichi ya joto, fyuzi au waya. Isiposhika, tazama urefu wa kaboni na uchafu kwenye ringi, kisha pima nafasi kati ya sumaku na bati la feni: milimita 0.35, ikirekebishwa kwa skrubu tatu. Ukiwa porini, kaza skrubu hizo tatu sawasawa mpaka feni ishikane moja kwa moja na pulei, na utafika nyumbani.

Feni ikifanya kazi, geukia rejeta. Injini ikiwa na joto na imezimwa, pitisha kiganja polepole mbele ya rejeta bila kugusa vile vya feni. Sehemu ya baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Jaribu pia kifuniko cha rejeta. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kinachozuia yasichemke mapema ni mgandamizo wa kile kifuniko tu. Lastiki yake ikikauka, gari linachemsha pasipo kosa jingine lolote.

Kuhusu thamostati, valvu inayofunguka maji yakipata joto, nina neno. Mazoea ya kuitoa na kuitupa, "huku kwetu kuna joto", yanaficha rejeta iliyoziba kwa miezi michache na kuiacha injini ikizunguka baridi asubuhi, ikinywa mafuta na kulika silinda. Ichemshe kwenye sufuria uone kama inafunguka. Ikifunguka, irudishe mahali pake. Na maji ya bomba peke yake hula alumini ya hedi. Kulenti (dawa ya maji ya rejeta) inahitajika Tanga sawa na inavyohitajika Paris, ila kwa sababu tofauti.

Kama povu linapanda kwenye rejeta injini ikiwaka, au chini ya kifuniko cha oili kuna utelezi wa rangi ya maziwa, gasketi ya hedi imekwisha. Hapa nakuomba utulie. Slivu (kuta za silinda) za injini hii ni za maji: zimekaa zenyewe kwenye bloku, maji yakizizunguka, na zinazibwa kwa chini na ringi nyembamba. Hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukishaitoa hedi na mtu akazungusha kranki hata nusu mzunguko, pistoni inaziinua, ziba ya chini inaachia, na maji yanaanza kupita kwenda kwenye sampo. Wengi wamefunga hedi upya kwa usafi kabisa, kisha wakakuta maji kwenye oili na kulaumu gasketi mpya. Kabla ya kitu chochote, zibane slivu kwa bolti za hedi pamoja na washa (vibati vya duara vyenye tundu) pana na vipande vya bomba. Hedi yenyewe ipelekwe ikapimwe unyoofu. Alumini iliyochemka hupinda.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi: choki iliyoganda, floti iliyotoboka, chujio la hewa lililojaa vumbi. Wa bluu unaotoka kidogo tu unapowasha asubuhi au unapokanyaga baada ya kushuka mteremko ni mipira na gaidi (miongozo) za valvu; unaotoka mfululizo ukikanyaga ni ringi. Mweupe unaoendelea injini ikiwa imeshapata joto, wenye harufu tamutamu, ni kulenti.

Giaboksi

Gia zikiwa ngumu au zinakwaruza, uliza kwanza ni oili gani iliyomo. Giaboksi ya 504 inatumia oili ya injini, 20W-40, na wengi huimwagia oili nzito ya difu (gia za ekseli ya nyuma) kwa mazoea. Mwaga, badilisha, endesha wiki moja. Difu ndiyo inayotaka ile nzito. Kwenye zile zenye gia za usukani, ugumu mara nyingi uko kwenye bushi za vijiti chini ya usukani, wala giaboksi haijaguswa.

Breki

Gari lililokaa linashika gurudumu moja na kulichemsha. Inua gurudumu, kanyaga na uachie breki, jaribu kulizungusha. Likigoma, legeza nipo (kichuchu) ya kutolea hewa. Mafuta yakichuruzika na gurudumu likaachia, mgandamizo ulinaswa: mpira wa breki umevimba kwa ndani au masta silinda hairudi. Lisipoachia, pistoni ya kalipa imeshika kutu. Mipira yote ya breki ya umri wa gari ibadilishwe bila kujadili.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya miaka yanachemka kwenye joto la kawaida la mteremko. Pedali inazama hadi sakafuni pale unaposhuka Kitonga au ngazi za Mai Mahiu, mahali pabaya kuliko pote pa kugundua. Badilisha yote, kisha tena kila baada ya miaka miwili. DOT 4 inatosha.

Chaji, na kutu

Injini ikizunguka kasi kidogo, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Chini ya hapo, kaza mkanda na usafishe viunganishi kabla ya kununua alteneta. Juu ya 15, regyuleta imekufa na inachemsha betri.

Kutu tafuta kwa sumaku ya kawaida iliyofungwa kitambaa chembamba: kando za milango kwa chini, sehemu za kuwekea jeki, sakafu ya buti, na pale shokapu za mbele zinapofungwa juu. Mahali sumaku inapokataa kushika kuna pati (kijazio cha bodi), na chini ya pati kuna tundu. Pale juu pa shokapu pakiwa na pati, kazi ya rangi isubiri mpaka mchomeleaji akate hapo na kupachika bati jipya.